Wadudu Wachanga wa Majini: Wanakula Nini, na Bakteria wa Matumboni Mwao Wana Kazi Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yanahusu wadudu wanaoanza maisha majini kabla ya kuota mbawa: mbu, usubi, kereng'ende, na jamaa zao wengi ambao Kiswahili bado hakijawapa majina. Mbu amepewa nafasi kubwa kuliko wengine kwa sababu ndiye aliyechunguzwa zaidi na ndiye anayetugharimu zaidi.

Viluwiluwi, mabuu au lava: neno gani litumike?

Neno kiluwiluwi hutumika kwa mtoto wa mbu na vilevile kwa mtoto wa chura, jambo ambalo huwachanganya wanafunzi, maana viumbe hao wawili hawana undugu wowote wa karibu. Buu, kwa wasemaji wengi, ni yule mtoto wa nzi anayeonekana kwenye nyama iliyooza au jalalani. Katika ukurasa huu, viluwiluwi ni watoto wa mbu peke yao, na lava ni mtoto wa mdudu yeyote ambaye umbo lake halifanani na la mzazi wake. Kereng'ende mchanga huitwa nimfu, kwa kuwa yeye hapiti katika hatua ya pupa, ile ya kati ambapo mdudu hali chochote na mwili wake hujengwa upya; hujivua ngozi mara ya mwisho akatoka moja kwa moja akiwa na mbawa.

Lava wa majini hula nini hasa?

Ukimtazama kwa macho utasema anakula majani yaliyooza, matope, ukijani wa kwenye mawe, au maji matupu. Ukichunguza kinachobaki mwilini mwake utakuta kwamba sehemu kubwa ya lishe yake imetokana na viumbe wasioonekana: bakteria, kuvu, mwani wa hadubini na viumbe wengine wa seli moja. Jani lililodondoka mtoni jana lina nyuzi nyingi na protini kidogo, na wadudu wengi hawaligusi. Likikaa majini majuma kadhaa, kuvu hupenyeza nyuzi zake ndani, bakteria hutanda juu yake, nalo hulainika na kuongezeka protini. Hapo ndipo hugombewa. Kwa wengi wa wadudu hawa, basi, jani ni sahani, na chakula ni kile kilichopakwa juu yake.

Tangu miaka ya 1970, kwa kufuata kazi ya mwanaikolojia Mmarekani Kenneth Cummins, wataalamu wamezoea kuwapanga wadudu wa mitoni kwa namna wanavyopata chakula kuliko kwa ukoo wao. Wapo wanaokata majani vipande vipande, wapo wanaookota chembe zilizotua chini, wapo wanaochuja chembe zinazopita na maji, wapo wanaokwangua utando wa kwenye mawe, na wapo wanaowinda wenzao. Mpango huu ni wa manufaa, lakini usichukuliwe kama sheria. Lava mmoja anaweza kuokota akiwa mdogo na kuwinda akiwa mkubwa, na mwenye njaa hali kwa kufuata jedwali la mtaalamu.

Kiluwiluwi wa mbu hulaje?

Kichwani, mbele ya mdomo, ana brashi mbili za nywele zinazopiga maji mara nyingi kwa sekunde. Mapigo hayo huvuta mkondo mdogo wa maji kuelekea mdomoni. Chembe hunaswa, hufinyangwa kuwa tonge dogo, kisha humezwa. Anachagua zaidi kwa ukubwa wa chembe kuliko kwa ladha, ndiyo maana humeza hata vumbi la mkaa lisilomfaa kitu. Chakula hupita upesi, mara nyingi utumbo mzima hujaa na kumwagika katika muda wa saa chache au pungufu, na kwa hiyo hulazimika kula karibu wakati wote.

Namna ya kukaa majini hutofautisha jamii moja na nyingine, na tofauti hii ni ya kukumbukwa kwa sababu itarejea tutakapofika kwenye dawa. Kiluwiluwi wa Culex, mbu wa mitaro michafu na vyoo vya shimo, huning'inia kichwa chini huku akivuta hewa kwa mrija ulio mkiani, na hula katika kina cha maji. Wa Aedes naye ana mrija, ila hupenda kushuka hadi chini ya pipa au tairi na kukwangua kuta na mashapo. Wa Anopheles, yule wa malaria, hana mrija: hulala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea, kisha hugeuza kichwa nyuzi 180, mdomo ukaelekea juu, naye hufagia utando mwembamba ulio mahali maji yanapokutana na hewa. Utando huo una bakteria wengi kuliko maji yaliyo chini yake, na juu yake hutua vumbi na chavua.

Chavua hiyo si jambo dogo. Utafiti uliofanywa nchini Ethiopia na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba viluwiluwi wa Anopheles arabiensis walioishi karibu na mahindi yaliyochanua walikua vizuri kuliko walio mbali, hasa pale maji yalipokuwa na tope na viluwiluwi walipokuwa wamesongamana. Mkulima anayelima mahindi kando ya vidimbwi huwa anawalisha bila kujua.

Je, ni kweli kwamba kiluwiluwi hawezi kukua bila bakteria?

Kwa miaka kadhaa jibu lilikuwa ndiyo, bila masharti. Leo ni ndiyo yenye maelezo, na maelezo yenyewe ndiyo yanayovutia.

Mayai ya mbu yanaweza kusafishwa kwa dawa hadi yasiwe na bakteria hata mmoja juu ya ganda, na kiluwiluwi akaanguliwa akiwa safi kabisa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, waliwaangua hivyo viluwiluwi wa Aedes aegypti na Anopheles gambiae, wakawapa chakula cha kutosha kilichotakaswa. Viluwiluwi walikula, lakini hawakuvuka hatua ya kwanza kati ya hatua nne za ukuaji wao, na mwishowe walikufa. Walipotiliwa bakteria hai, hata aina moja tu kama Escherichia coli, ambaye si mwenyeji maalumu wa mbu, walikua hadi kuruka. Bakteria waliokufa hawakutosha. Ikaonekana kwamba si lazima awe bakteria fulani mteule. Lililotakiwa ni kuwapo kwa bakteria wanaoishi.

Watafiti haohao walitoa maelezo kwamba bakteria wanapotumia oksijeni iliyo ndani ya utumbo, upungufu wake huwa ishara inayouambia mwili wa kiluwiluwi ujivue ngozi na kusonga mbele. Kisha mwaka 2018 watafiti wa jimbo la Connecticut walifaulu kuwakuza Aedes aegypti bila bakteria hai hata mmoja, kwa kuwapa rojorojo la agari lenye dondoo za maini na hamira. Walichelewa kukua, lakini walikua. Kumbe kilichokuwa kinakosekana kinaweza kuletwa na chakula.

Kitu gani hicho? Mwaka 2021 kazi mbili zilielekeza kidole kwenye vitamini za kundi B. Moja ilionyesha kwamba riboflavini, yaani vitamini B2, huharibika inapopigwa na mwanga. Viluwiluwi wasio na bakteria waliokuzwa gizani wakiwa na vitamini hiyo waliweza kukua, ilhali wenzao walioachwa penye mwanga walikwama. Ya pili, iliyofanywa Guyana ya Ufaransa kwa kutumia bakteria waliobadilishwa ili waweze kuondolewa utumboni wakati wowote, iliitaja foleti, yaani vitamini B9, miongoni mwa vitu ambavyo bakteria humpatia kiluwiluwi. Maelezo ya oksijeni na ya vitamini hayapingani kwa lazima, lakini kwa maoni ya mwandishi haya ya vitamini yana nguvu zaidi, kwa sababu yanaeleza pia kwa nini bakteria aliyekufa hafai: chupa ya vitamini humalizika, na kiwanda kilicho hai huendelea kutengeneza kila siku, hata jua likiwaka juu ya kidimbwi.

Ni bakteria gani wanaopatikana matumboni mwao?

Hutegemea maji. Viluwiluwi wa aina moja walio katika vidimbwi viwili vilivyo jirani wanaweza kuwa na wageni tofauti kabisa. Utafiti uliofanywa nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2011 uliwafuata Anopheles gambiae tangu wakiwa wachanga hadi wakubwa, na kukuta kwamba matumbo ya viluwiluwi na pupa yalitawaliwa na sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ilhali kwa mbu wakubwa makundi mengine ndiyo yaliyoshika nafasi. Hilo linaafikiana na ulaji wao: anayefagia uso wa maji uliopigwa na jua atameza wanaoishi juani.

Hata hivyo wapo wanaojitokeza mara kwa mara. Thorsellia anophelis alitangazwa kuwa jenasi mpya mwaka 2006 baada ya kutengwa kwenye utumbo wa Anopheles arabiensis; miaka miwili baadaye aligunduliwa kuwa ndiye aliyetawala matumboni mwa mbu wa malaria nchini Kenya, na alikutwa pia katika ule utando wa juu wa maji ya mashamba ya mpunga. Elizabethkingia anophelis, aliyetangazwa mwaka 2011, alipatikana kwa Anopheles gambiae wa Gambia. Asaia, aliyeelezwa mwaka 2007 kwa mbu wa malaria wa Asia, Anopheles stephensi, hukaa utumboni, kwenye tezi za mate na hata kwenye viungo vya uzazi, na viluwiluwi wanapoondolewa bakteria huyu kwa viuavijasumu huchelewa kukua. Tukumbuke kwamba Anopheles stephensi sasa ameingia Afrika, akianzia Djibouti mwaka 2012, naye hupenda matangi na mapipa ya mijini.

Bakteria hao hutoka wapi? Mama huwarithisha watoto?

Wengi humezwa na maji, tonge kwa tonge. Mama hutoa mchango wake kwa njia mbili. Kwanza, baadhi ya bakteria, Asaia akiwa mfano mzuri, hupakwa juu ya ganda la yai, na mtoto huwapata anapoanguliwa. Pili, na hili huenda lina uzito zaidi, mama huchagua maji. Mbu jike mwenye mayai hufuata harufu, na harufu nyingi za vidimbwi hutengenezwa na vijidudu. Mwaka 2015 watafiti waliofanya kazi Mbita, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, walitangaza kwamba sedroli, kemikali iliyotokana na maji yaliyolowekwa udongo wa huko, huwavuta Anopheles gambiae wanaotaka kutaga. Baadaye kuvu wanaoishi kwenye vitunguu vya chini ya ardhi vya ndago walionekana kuitengeneza kemikali hiyo. Mkulima anayeichukia ndago kwa kumharibia shamba amepata sababu nyingine.

Lava anapogeuka kuwa mdudu mzima, bakteria wake huenda wapi?

Wengi hutupwa. Kiluwiluwi anapoacha kula na kuwa pupa, ngozi ya ndani ya utumbo wake hubanduka na kukusanywa pamoja na mabaki yote kuwa kifuko kimoja, na utumbo mpya hujengwa kuzunguka kifuko hicho. Mbu akishatoka kwenye pupa hukitupa, akabaki na bakteria wachache sana au bila wowote. Baadhi ya bakteria huvuka kwa kujificha kwenye mirija inayofanya kazi ya figo. Wengine huingia upya pale mbu mchanga anapokunywa maji ya kidimbwi alichotoka, kabla hajaruka.

Watafiti wa malaria hulijali jambo hili kwa sababu idadi na aina za bakteria utumboni mwa mbu mkubwa zinaweza kumpunguzia au kumwongezea kimelea cha malaria nafasi ya kukua. Aidha, kiluwiluwi aliyelishwa vibaya hutoa mbu mdogo wa mwili. Njaa ya kidimbwini humfuata hewani.

Utumbo wa lava una nini cha pekee?

Ukali wake wa alkali. Sehemu ya mbele ya utumbo wa kati wa kiluwiluwi wa mbu hufikia pH (kipimo cha tindikali na alkali, ambacho 7 ni katikati) ya 10 na zaidi, kiwango ambacho wanyama wachache sana wanakifikia. Lava wa Tipula abdominalis, mdudu wa Amerika Kaskazini anayefanana na mbu mkubwa mwenye miguu mirefu asiyeuma, amepimwa pH ya zaidi ya 11 utumboni, naye hula majani yaliyooza. Majani hayo yana tanini, ile dutu inayoleta ukakasi kwenye chai iliyokolea, na tanini huzishika protini zisimeng'enywe. Katika alkali kali kiasi hicho, mshiko huo huachia. Kisha, nyuma zaidi, utumbo wa lava huyohuyo hutulia, hauna ukali, na huwa na kijifuko kilichojaa bakteria wanaochachusha mabaki. Utumbo wa mbele, kwa hiyo, huwachoma wengi wanaoingia, na wa nyuma huwakaribisha baadhi yao.

Kuna pia utando mwembamba unaotengenezwa mfululizo kama bomba laini ndani ya utumbo. Chakula na bakteria hupita ndani ya bomba hilo bila kugusana moja kwa moja na seli za mwili.

Lava wa usubi hula kwa namna gani?

Usubi ni vinzi weusi wanaouma kando ya mito yenye maji ya kasi na kueneza ugonjwa unaopofusha macho, ambao Tanzania huitwa kwa jina lao. Lava wao hawezi kuelea kama wa mbu, kwani angesombwa. Hutema hariri juu ya jiwe, hujishikiza kwayo kwa vikulabu vya mkiani, kisha hufungua mapepeo mawili ya kichwani na kuyaacha yachuje maji yanayopita. Hushika chembe ndogo mno, pamoja na bakteria mmojammoja ambao wachujaji wengine huwakosa. Kinyesi chao hutoka kikiwa kimefungwa vidonge, na vidonge hivyo huzama na kuwa chakula cha wale wanaookota chini. Mahali walipo maelfu kwa maelfu, mto hulishwa upya kwa kile walichokwisha kula.

Kisa cha Simulium neavei kinastahili kusimuliwa hapa. Usubi huyu alijulikana Kenya kuwa ndiye mwenezaji wa ugonjwa, lakini kwa muda mrefu lava wake hawakuonekana kwenye mawe wala kwenye majani ya mtoni. Mwaka 1950 van Someren na McMahon walitangaza kwamba wamewapata: walikuwa wamejishikiza kwenye miili ya kaa wa mtoni, wakichuja maji huku wamebebwa. Kwa kutia DDT mitoni, dawa ambayo leo haikubaliki kutumiwa hivyo, Simulium neavei aliondolewa kwenye maeneo yake nchini Kenya.

Je, mito ya Afrika Mashariki ina wadudu wa kukata majani?

Hili limebishaniwa. Utafiti wa vijito vya nyanda za juu za Kenya uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta wakataji wachache, na ukaonekana kuthibitisha dhana kwamba nchi za joto hazina wadudu wa kundi hili, kwa kuwa kuvu na bakteria huozesha majani upesi kiasi kwamba mkataji hana nafasi. Mwaka 2014 utafiti mwingine, wa vijito vya bonde la mto Mara, ulipinga: wakataji wapo, tena wa aina nyingi, mradi mtafiti aangalie kilichomo tumboni badala ya kuazima majedwali ya Ulaya na Amerika, na mradi aingie kwenye vijito vilivyo baridi na vyenye msitu. Kaa wa mtoni pia hufanya sehemu ya kazi hiyo, ingawa si mdudu. Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Kumpanga mdudu wa Mara kwa kutumia desturi za binamu yake wa Michigan ni kumkisia tu.

Lava wekundu wanaoonekana kwenye matope ni akina nani?

Wengi wao ni watoto wa vinzi wasiouma wa jamii ya Chironomidae, wale ambao wakubwa wao hupaa juu ya maziwa makuu kama moshi. Wekundu wao ni himoglobini, inayowawezesha kuishi penye oksijeni haba. Huchimba mashimo yenye umbo la herufi U katika tope la chini ya ziwa na kuyapitishia maji kwa kutikisa mwili. Tope hilo hutoa gesi ya methani, na pembezoni mwa shimo, mahali methani inapokutana na oksijeni iliyoletwa na lava, hustawi bakteria wanaokula methani. Lava huwala bakteria hao. Vipimo vya kaboni katika miili ya baadhi ya lava hawa vimeonyesha wazi kwamba sehemu ya mwili wao imetokana na methani. Kwa maneno mengine, gesi inayobubujika kwenye tope huishia kuwa nyama ya samaki kwa kupitia tumbo la mdudu.

Jamii hii ina sura nyingine. Mwaka 2001 watafiti wa Israel walionyesha kwamba bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, huishi kwenye mafungu ya mayai ya vinzi hawa na huyayeyusha kwa kimeng'enya chake. Haina maana kwamba vinzi ndio chanzo cha milipuko ya kipindupindu. Maji yaliyochanganyika na kinyesi cha wagonjwa yanabaki kuwa hatari kuu. Inaeleza tu mojawapo ya mahali ambapo bakteria huyo hujihifadhi majini.

Vipi wale wanaowinda?

Nimfu wa kereng'ende ana mdomo wa chini unaokunjuka mbele ghafla kama mkono, akamnasa kiluwiluwi kabla hajatikisika. Lava wa Toxorhynchites brevipalpis, mbu mkubwa anayepatikana pwani yetu kwenye mashimo ya miti na vifuu vya nazi, huwala viluwiluwi wenzake, na akiwa mkubwa hanyonyi damu kamwe. Bakteria wa wawindaji hawa hutoka kwa kiasi kikubwa kwa mawindo yao. Kwenye Ziwa Nyasa na Ziwa Victoria, lava wa Chaoborus, aliye angavu kama kioo, huwinda wanyama wadogo wanaoelea. Wakubwa wake ndio kungu, ambao kwenye pande za Ziwa Nyasa hukusanywa na kufinyangwa kuwa mikate ya kuliwa.

Kuna kuvu pia matumboni?

Wapo. Harpella melusinae, aliyeelezwa mwaka 1929, hujishikiza ndani ya utumbo wa lava wa usubi na kuishi hapo bila kumdhuru. Jamaa zake wa jenasi ya Smittium huishi kwa viluwiluwi wa mbu: mmoja ameonyeshwa katika maabara kuwapatia vitamini wanapokosa lishe, mwingine, Smittium morbosum, huwaua.

Anayezungumzwa sana sasa ni Microsporidia MB, kiumbe wa ukoo wa karibu na kuvu, aliyetangazwa mwaka 2020 na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kenya. Hurithishwa kutoka kwa mama kwenda kwa watoto, na Anopheles arabiensis aliye naye haonekani kubeba kimelea cha malaria.

Wolbachia ni bakteria wa utumboni?

Hapana. Huyo huishi ndani ya seli za mdudu, hasa za viungo vya uzazi, na hurithishwa kupitia yai. Mijadala mingi humchanganya na bakteria wa utumboni.

Viuadudu vya kibayolojia vinavyotiwa kwenye madimbwi hufanyaje kazi?

Hufanya kazi kwa kuliwa. Bakteria Bacillus thuringiensis israelensis, kwa kifupi Bti, aligunduliwa mwaka 1976 katika kidimbwi cha jangwa la Negev. Anapotengeneza mbegu zake hutengeneza pia fuwele ya protini. Kiluwiluwi huimeza fuwele hiyo kama tonge lolote. Ile alkali kali ya utumbo huiyeyusha, vimeng'enya huikata, na vipande vyake hutoboa seli za utumbo. Binadamu na mifugo, ambao matumbo yao ni ya tindikali, hawadhuriki. Mwenzake, Lysinibacillus sphaericus, hudumu zaidi katika maji machafu na humfaa zaidi Culex, ingawa mbu wamewahi kujenga usugu dhidi yake kwa urahisi zaidi kuliko dhidi ya Bti, ambaye sumu zake ni za aina kadhaa kwa pamoja. Dar es Salaam ilitumia viuadudu vya namna hii katika mpango wa kudhibiti malaria mjini ulioanza mwaka 2004, na mwaka 2015 kilizinduliwa kiwanda Kibaha, mkoani Pwani, cha kuvitengeneza kwa teknolojia ya Cuba. Afrika Magharibi, Bti alitumika dhidi ya lava wa usubi tangu miaka ya 1980, baada ya usubi kuanza kuhimili dawa ya temefosi.

Sasa ile tofauti ya ulaji inarudi. Dawa inayozama upesi hufika kwa Aedes na kumpita Anopheles, ambaye mdomo wake uko juu. Pupa hali chochote, kwa hiyo haimgusi, na kiluwiluwi anayekaribia kuwa pupa hula kidogo. Maji yenye chakula kingi humfanya kiluwiluwi ashibe vitu vingine, na kipimo hulazimika kuongezwa. Anayemwaga dawa mara moja na kuondoka, kisha akalalamika kwamba mbu wametoka baada ya siku mbili, huenda aliikuta hatua ya pupa.

Njia isiyojali ulaji ipo. Makunduchi, Unguja, vyoo vya shimo vyenye maji vilitiwa chembe za plastiki nyepesi zinazoelea zikafunika uso wa maji, na Culex waliokuwa wakieneza matende walikosa pa kuvutia hewa na pa kutagia.

Nawezaje kuwaonyesha wanafunzi viluwiluwi wakila?

Chota viluwiluwi pamoja na maji yao kwenye chupa angavu. Maji ya bomba yenye klorini huwaondolea chakula. Tandaza kitambaa cheupe nyuma ya chupa na nyunyiza vumbi laini sana la mkaa, kiasi cha ncha ya kijiko. Baada ya dakika chache mkondo wa brashi utaonekana ukivuta vumbi, na baada ya muda utumbo utaonekana kama mstari mweusi unaoanzia shingoni kwenda nyuma, kwa kuwa ngozi ya kiluwiluwi huonyesha ndani. Kwa kuangalia urefu wa mstari huo kila baada ya dakika kumi, wanafunzi wanaweza kukadiria kasi ya ulaji wenyewe. Funika chupa kwa kipande cha chandarua tangu mwanzo. Pupa wa kwanza akionekana, aliyejikunja kama mkato wa uandishi, mwaga maji yote kwenye ardhi kavu yenye jua siku hiyohiyo, kwa sababu mbu atatoka baada ya siku mbili hivi.